Siku moja iliyoibadili Nyanda za Juu Kusini kuliko zote: mimi nasema 17 Agosti 1891

#1 KihesaJuu

Wakuu, kamwene.

Kalenda ya ukutani inatukumbusha kila mwaka: 7 Aprili Karume, 26 Aprili Muungano, 8 Agosti Nane Nane, 14 Oktoba Mwalimu, 9 Desemba Uhuru. Sawa kabisa. Ila ipo siku ambayo naona tumeitupa, na mahali pake tunapapita kila tukipanda basi la Dar: Jumatatu ya tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo.

Siku hiyo Emil von Zelewski, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, yule waliyemwita Nyundo, alikuwa anaingia Uhehe na askari kama 320, wapagazi 170, mizinga na bunduki za Maxim. Asubuhi hiyohiyo akawa maiti. Wazungu 10 walikufa naye, askari wapatao 250 na wapagazi wengi, na Wahehe wa Chifu Mkwawa wakaondoka na bunduki 300 hivi. Jeshi lililotegemea mikuki!

Waethiopia waliwapiga Waitaliano Adwa tarehe 1 Machi 1896, karibu miaka mitano baada ya Lugalo. Kwao ni sikukuu ya taifa na dunia nzima inaijua. Sisi tuna nini?

Mwenye siku kubwa kuliko hii aiweke hapa na tarehe kamili: siku, mwezi, mwaka. "Enzi zile za wazee" sipokei.

#2 TukuyuStendi

Mkuu, ukisema Nyanda za Juu Kusini usiishie Iringa. Sisi wa Rungwe hiyo 17 Agosti tuliisomea darasani kama alivyoisomea mtoto wa Tanga. Siku kubwa lazima iguse watu wote, kuanzia Kitonga mpaka Kasumulu.

#3 Mwl_Mafinga

Nafundisha historia sekondari, niongezee nyama kidogo kwenye #1.

Zelewski hakuwa mgeni wa fujo. Agosti 1888 alikuwa Pangani, mtumishi wa ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na vitendo vyake pale, kuanzia bendera ya Sultani mpaka kuingia msikitini na mbwa, vilikuwa kati ya yaliyowasha vita vya Abushiri. Miaka mitatu baadaye, mwezi uleule wa Agosti, akaja kulipia Lugalo. Njiani kutoka Kilwa alichoma vijiji.

Kwa nini alishindwa? Wanafunzi huniuliza kila mwaka. Jibu langu ni mwendo. Msafara ulikuwa mrefu, watu wanafuatana kwenye njia nyembamba, mizinga na Maxim zimefungwa mgongoni mwa punda. Silaha iliyofungwa mgongoni mwa punda haimsaidii mtu akivamiwa kutoka hatua chache vichakani. Mambo yaliisha ndani ya dakika chache. Waliosalia ni wa nyuma, wakiongozwa na Luteni von Tettenborn.

#4 Mlowa_wa_Ilula

Mwalimu, kwetu wazee wanasimulia tofauti kidogo. Wanasema mpango ulikuwa kusubiri msafara wote uingie mtegoni ndipo ishara itolewe. Mzungu mmoja akafyatulia ndege risasi, na vijana wakadhani ndiyo ishara. Ndiyo maana wa nyuma walipona. Bila yule ndege asingerudi hata mmoja kutoa habari.

Na aliyemmaliza Nyundo ni kijana wa miaka kama 16, kwa mkuki. Alizawadiwa ng'ombe.

#5 Mtani_Songea

Wahehe mmeanza tena. Kila uzi wa historia lazima Lugalo.

Basi nami naweka yetu: 27 Februari 1906. Siku ile Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji pale Songea, na kila mwaka tarehe hiyo tunakutana makumbusho, wazee wanavaa, watoto wanasimuliwa. Tarehe inatunzwa na wenyewe. Na kwa kuwa mleta uzi anapenda tarehe kamili, atuambie watani zangu walikuwa upande gani 1905 Majimaji ilipofika? Silaha zenu zilikuwa zinaelekea wapi?

#6 KihesaJuu

Mtani #5, hilo la Majimaji silikwepi. Watawala wa Uhehe wa wakati ule walikuwa upande wa Mjerumani. Lakini hesabu vizuri: Mkwawa alikufa 1898, nchi imekaliwa, jeshi limevunjwa, waliobaki madarakani ni wale Mjerumani aliowakubali. Waliopigana 1891 na waliosimama na Mjerumani 1905 hawakuwa na uongozi uleule.

Kwa kutunza tarehe nawapa heshima yenu yote. Ndicho ninachokililia.

#7 Mtani_Songea

Umejibu kiungwana. Njoo Februari, ugali upo.

#8 Bonde_la_Usangu

Naomba niwe mwiba kidogo. Mimi Msangu, kwetu ni upande wa Igurusi.

Mnaposema Lugalo ni siku ya Nyanda za Juu Kusini yote, mkumbuke kwamba kabla ya Mjerumani Wahehe ndio waliowafukuza wazee wetu Usangu. Mtemi Merere na watu wake wakahamia Usafwa, wakajenga Utengule ile ya karibu na Mbalizi. Miaka mingi. Mjerumani alipomshambulia Mkwawa, Merere alikuwa upande wa Mjerumani, na Wasangu wakarudi kwao baada ya nguvu ya Uhehe kuvunjika.

Kwa hiyo siku kubwa kwa babu zangu ni 30 Oktoba 1894, siku ngome ya Kalenga ilipoanguka. Sisemi mkoloni alikuwa mwema. Nasema siku moja inaweza kuwa kilio huku na kurudi nyumbani kule, na wote wawili ni watu wa nyanda hizihizi.

#9 Kijana_Uyole

Bandiko #8 limenikalisha chini. Shuleni hatukuwahi kuambiwa habari ya Utengule kwa upande huo.

#10 Mwl_Mafinga

Ndugu wa Usangu yuko sahihi kwa tarehe na kwa maelezo. Kalenga ilishambuliwa na jeshi la Gavana von Schele, na Tom von Prince alikuwemo. Wenye kuchanganya 1891 na 1894 wapo wengi hata kwenye mitihani: Lugalo Mkwawa alishinda, Kalenga alipoteza ngome lakini yeye mwenyewe akatoroka na kuendelea kupigana porini karibu miaka minne.

#11 Frelimo_A

Halafu alikufa 19 Juni 1898, ndiyo siku kuu kuliko zote. Kujipiga risasi kuliko kukamatwa!

#12 Mama_Kalenga

Mwanangu #11, ni 19 Julai 1898, kule Mlambalasi. Tarehe 19 Juni ni ya fuvu lake lililokuwa limechukuliwa na Wajerumani: 19 Juni 1954, Gavana Twining alipolileta Kalenga na kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wake Mkwawa. Hizo mbili zinapishana mwezi mmoja tu kwenye kalenda, ndiyo maana watu wanazichanganya.

Mimi nimezaliwa na kukulia Kalenga, na kwetu iliyozungumzwa zaidi ni ile ya 1954. Lugalo wazee waliokuwepo waliondoka kitambo. Lakini siku fuvu liliporudi mama zetu walikuwepo, walipika, waliona magari, waliona vifijo na vilio pamoja. Siku inayosimuliwa na mtu aliyeiona ina uzito wake.

#13 Shangwe_Ipogolo

Shikamoo mama. Swali langu, na naomba lisichukuliwe vibaya: ni kweli fuvu lile ni lake?

#14 Mama_Kalenga

Marahaba. Kwetu ni lake.

#15 Nyota_Forest

Naomba nijibu #13 kwa taratibu zilizofuatwa.

Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Mkataba wa kumaliza vita vikuu vya dunia, na katikati yake jina la mtu wetu wa Iringa! Ujerumani haikulitoa wakati ule. Twining alilifuatilia mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpaka makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi. Likachaguliwa kwa vipimo vilivyokaribiana na vya ndugu zake walio hai, na kwa tundu la risasi. Wapo wanaoona ushahidi huo unatosha, wapo wanaoona hautoshi.

Na kwa kuwa uzi ni wa tarehe: Versailles ulisainiwa 28 Juni 1919. Tarehe 28 Juni 1914 ndiyo Franz Ferdinand aliuawa Sarajevo na vita vikaanzia hapo. Siku ileile ya kalenda, miaka mitano kamili.

#16 Dereva_Tunduma

Nimesoma yote nikiwa foleni ya mpakani. Mnazungumza wafalme na mafuvu. Mimi nauliza: leo mtu wa Mbeya, Makambako, Mafinga, Tunduma anakula kwa siku ipi?

Jibu: 11 Novemba 1965. Siku hiyo Ian Smith kule Salisbury, Harare ya leo, alitangaza uhuru wake wa upande mmoja wa Rhodesia. Zambia ilikuwa inapitishia shaba na mafuta kusini, ghafla njia ikawa mashakani. Kilichofuata ni sisi. Malori ya mafuta yakaanza kupanda njia yetu ikiwa bado ya vumbi na matope, watu wakafa wengi. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola kutoka Dar, kilomita 1,710. Barabara ikawekwa lami. Kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi.

Bila siku ile ya Salisbury, Makambako ni kijiji chenye upepo mkali tu. Tunduma ni pori. Vita vya Lugalo vilikuwa vya dakika chache, hii barabara ipo mpaka usiku huu na mimi nimekaa juu yake.

#17 TukuyuStendi

Ndaga fijo dereva! Hii ndiyo siku niliyokuwa naitafuta. Inagusa kutoka Kitonga mpaka mpakani.

#18 KihesaJuu

Dereva, hoja nzito, lakini siku yako imetokea Salisbury. Nilisema siku ya Nyanda za Juu Kusini. Na aliyeifanya hakuwa mtu wetu. Tukienda hivyo, mwingine ataleta siku ya Berlin.

#19 Dereva_Tunduma

Katika #1 uliuliza siku iliyoibadili. Hukuuliza imetokea wapi.

#20 Mzee_wa_Chunya

Salaam wanangu. Tarehe ya dereva, 11 Novemba, ina mwenzake. Tarehe 11 Novemba 1918 Vita Kuu ya Kwanza vilikoma Ulaya, lakini huku vilikuwa vinaendelea. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, alikuwa amepita Njombe Oktoba, akamwacha Jenerali Wahle mgonjwa pale Ubena, akashuka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Habari ilimkuta siku kadhaa baadaye upande wa Mto Chambeshi. Alisalimisha silaha 25 Novemba 1918 Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168.

Mimi ndiyo naipigia kura hiyo. Kaburi la wapagazi wa vita vile hulioni popote, lakini hakuna ukoo wa huku ambao haukuchukuliwa mtu kubeba mizigo ya Mjerumani au ya Mwingereza. Mazao yalichukuliwa, ng'ombe walichukuliwa, njaa ikaingia, na mafua makali ya 1918 yakaja juu yake. Siku bunduki ziliponyamaza Abercorn ndiyo siku mtu wa kawaida alipopumua. Lugalo waliingia wapiganaji. Vita hii iliingia kila nyumba.

#21 Kijana_Uyole

Shikamoo mzee. Kwa hiyo vita iliyoanzia Sarajevo iliishia karibu na kwetu?

#22 Mzee_wa_Chunya

Marahaba mwanangu. Ndiyo, kikosi cha mwisho cha Wajerumani kuweka silaha chini kiliziweka Mbala. Kutoka Tunduma si mbali.

#23 Isimani_Yetu

Naona watu wa Iringa mnaikwepa moja. Mimi naiweka.

Jumamosi 25 Desemba 1971, Krismasi. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi Isimani na Said Abdallah Mwamwindi, mkulima wa mahindi. Mwamwindi akapakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa na kuupeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Alihukumiwa na kunyongwa.

Isimani ile haikuwa hii mnayoiona leo yenye ukame. Mahindi yalikuwa yanatoka huko kwa malori, watu binafsi walikuwa na matrekta. Ukisema siku iliyogawa kabla na baada kwa wakulima wa Iringa, ni ile.

#24 Shangwe_Ipogolo

Hii ya Klerruu nimeisikia kwa namna nyingi. Babu anasema chanzo ni makaburi: kwamba mkuu wa mkoa aliyadharau makaburi ya familia ya Mwamwindi yaliyokuwa shambani.

#25 Bonde_la_Usangu

Makaburi yalitajwa hata mahakamani, lakini mimi naona ni cheche tu. Mwaka 1971 ndio vijiji vya ujamaa vilikuwa vinasukumwa kwa nguvu Isimani, na watu wenye mashamba makubwa walijua yanaondoka. Ugomvi wa ardhi ulikuwepo kabla ya Krismasi.

#26 Mwl_Mafinga

Wapo pia wanaosema ilikuwa tabia ya watu wawili wakali waliokutana siku mbaya, kwamba angeenda kiongozi mwingine, au angeenda siku nyingine, pasingetokea kifo. Mimi siikubali. Amri ya kila mtu kuishi kijijini ilikuja nchi nzima mwishoni mwa 1973, na Iringa wala haikurudi nyuma baada ya kifo kile. Kama ni tabia tu, kifo kingebadilisha kitu.

#27 Isimani_Yetu

Mwalimu, mimi naisoma kinyume. Kwa sababu hakuna kilichobadilika ndiyo maana ni siku kubwa. Watu waliona hata damu ya mkuu wa mkoa haizuii, wakanyamaza. Na jina la marehemu lipo mjini mpaka leo, Chuo cha Ualimu Klerruu. Wanafunzi wanahitimu pale bila kuijua tarehe.

#28 Mama_Kalenga

Tukiandika habari hii tuandike kwa adabu, wanangu. Familia zote mbili zina wajukuu wanaosoma.

#29 Isimani_Yetu

Sawa mama. Nimekusikia.

#30 Rukwa_Juu

Mmesahau ardhi yenyewe. 13 Desemba 1910 tetemeko la Rukwa, ukubwa wa 7.4, katika makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika karne iliyopita. Hilo halikuuliza Mhehe wala Msangu.

#31 Kijana_Uyole

Na kimondo cha Mbozi je? Kile kilianguka tarehe ngapi?

#32 Rukwa_Juu

Kimondo hakina tarehe. Hakuna shimo wala simulizi ya kuanguka kwake, kilianguka zamani mno. Mpima ardhi mmoja ndiye aliyetoa habari zake mwaka 1930. Mleta uzi hapokei "enzi zile", kwa hiyo kimondo kimeshindwa usaili.

#33 Mlowa_wa_Ilula

Turudi Lugalo, maana nina jambo linaniuma. Mnajua mnara ulioko pale ni wa nani? Ni wa Wajerumani. Wao ndio waliowajengea ndugu zao waliouawa, Zelewski na wenzake. Ukipita na basi, ndoo za nyanya na vitunguu zimejaa dirishani, unamwonyesha mtoto "pale Mkwawa aliwapiga Wazungu", kumbe unamwonyesha kumbukumbu ya walioshindwa. Wahehe waliokufa siku ile nao walikuwepo, na waliokufa baadaye kwa majeraha. Wao wako wapi pale?

#34 KihesaJuu

Mlowa umesema nilichotaka kusema tangu mwanzo. Kambi ya Lugalo Dar imebeba jina, hospitali imebeba jina. Mahali penyewe pamebeba jina la Nyundo.

Na tarehe yenyewe siyo ngeni kwa wakubwa wetu. 17 Agosti 1992 ndipo mkataba wa SADC uliposainiwa Windhoek, na ni Siku ya SADC mpaka leo. Viongozi wa kusini mwa Afrika wanaiadhimisha kila mwaka. Kuna ugumu gani mtu mmoja akasimama siku hiyo akataja na Lugalo?

#35 Nyota_Forest

Hoja ya SADC nzuri. Ila usiishie hapo, 17 Agosti 1945 Indonesia walitangaza uhuru, 17 Agosti 1960 Gabon wakapata wao. Tarehe moja inabeba mizigo mingi, na kila mtu anapakua wa kwake.

#36 Mtani_Songea

Mkianza hayo maadhimisho mtualike watani, tutakuja kuwakumbusha vita vya Wangoni na Wahehe vilivyowafundisha hizo mbinu za Lugalo. Mwalimu anasema punda, Mlowa anasema ndege. Mimi nasema mlipata mafunzo kwetu, miaka ya 1878 mpaka 1882.

#37 Mwl_Mafinga

Mtani hilo si utani mtupu. Vita vile na vile vya Usangu ndivyo vilivyounda jeshi la Uhehe, hata kabla ya Mkwawa, tangu kwa baba yake Munyigumba. Lakini mbinu za kuvizia zilipangwa kwa ardhi ya pale, na wengi husema aliyeongoza uwanjani ni Mpangile, mdogo wake Mkwawa. Huyohuyo baadaye Wajerumani walimweka kuwa mtawala, halafu wakamnyonga 1897.

#38 Bonde_la_Usangu

Mpangile anastahili uzi wake.

#39 Frelimo_A

Kwa hiyo kura zimekaaje? Naona Lugalo, Kalenga mara mbili kwa sababu mbili tofauti, Salisbury, Abercorn, Isimani, Songea na tetemeko.

#40 TukuyuStendi

Mimi na dereva tuko 11 Novemba 1965, hatuhami. Ila kama mleta uzi anataka siku iliyotokea kwenye ardhi yetu, basi achukue siku TAZARA ilipokabidhiwa, Julai 1975. Wazee wa Iyunga wanaikumbuka.

#41 Mlimba_Makambako

Ni 14 Julai 1976 mkuu. Mwaka 1975 ni reli ilipofika Kapiri Mposhi, mwezi Juni. Uzinduzi wa ujenzi ulikuwa Oktoba 1970, Nyerere na Kaunda wote wawili wakiwepo. Na kama mnataka kujua wapi kazi ilikuwa kubwa, ni kwetu, Mlimba kupanda Makambako: mahandaki na madaraja yanafuatana. Daraja la Mto Mpanga nguzo zake zina mita 50. Mzee wangu alifanya kazi pale na Wachina, nitauliza kama anaikumbuka tarehe treni ya kwanza ilipovuka.